Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama chetu cha Wapiga Vyombo vya Nyuzi, Dodoma

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati ya Utendaji na ndugu wanachama mliofika,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawajibika kuwasilisha mbele yenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka tunaoufunga. Shughuli za kawaida mnazifahamu na sitazirudia kwa urefu: mazoezi ya Jumamosi yalifanyika, darasa la fidla la watoto liliendelea pale Area C kwa kujitolea kwa walimu wawili, tulialikwa katika harusi na mahafali, na fidla mbili za watoto zilipelekwa kubandikwa upya baada ya mbao zake kuachia wakati wa kiangazi, kama inavyotokea kila mwaka.

Jambo ambalo najua wengi mmelijia, na ambalo limejadiliwa kwenye kundi letu la WhatsApp kwa lugha ambayo sikuipenda, ni uamuzi wa Kamati wa kulitoa onesho letu kuu la Agosti kwa wapigaji wawili tu, mmoja wa fidla na mmoja wa selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito inayopigwa mtu akiwa ameketi, wakipiga muziki wa karne ya 20 na wa sasa, badala ya usiku wa pamoja na kwaya ambao tumeuzoea. Naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu, kwa sababu yaliyosambazwa si sahihi.

Wazo lilikuwa langu, sikatai, na barua zote za kuwaomba wapigaji na wafadhili niliziandika mimi mwenyewe usiku, baada ya kazi. Lakini Kamati ililipigia kura, na wajumbe watano kati ya wanane waliohudhuria waliliunga mkono. Anayedai kwamba Mwenyekiti aliamua akiwa sebuleni kwake asome muhtasari wa kikao kile, Katibu anao.

Usiku wa pamoja na kwaya unahitaji kundi la nyuzi lililokamilika. Kuanzia Februari hadi Mei mazoezi ya kundi hayakuwahi kupata wapigaji zaidi ya sita, viola, yaani fidla ya sauti ya kati, hatuna hata moja, na piano ya ukumbi tunaoutumia haishiki sauti katika hewa hii kavu. Ningependa aliyeandika kwamba "tumezika utamaduni wa chama" atueleze tungewasimamisha akina nani mbele ya watu. Fidla na selo zikiwa mbili tu hazihitaji piano wala mwongozaji. Nyuzi tatu za kila chombo ni zilezile kwa majina, yaani G, D na A, isipokuwa fidla huongeza E juu na selo huongeza C chini, kwa hiyo vyombo viwili peke yake vinatawala zaidi ya oktavu tano (oktavu ni umbali kutoka sauti moja hadi ile ya jina lilelile juu yake), na mpigaji akikosea hakuna wa kumficha.

Programu yenyewe haikuokotwa. Tulianza na Dueti, yaani kazi ya vyombo viwili, ya mtunzi Zoltán Kodály wa Hungaria, iliyotungwa 1914, tukafuata na Sonata ya Maurice Ravel wa Ufaransa, aliyoiandika kati ya 1920 na 1922 kwa kumkumbuka mtunzi mwenzake Claude Debussy, kisha Dhipli Zyia ya Iannis Xenakis ya 1951, na mwisho vipande vichache kutoka katika dueti 24 ambazo Jörg Widmann wa Ujerumani alizitunga 2008. Katika Sonata ile Ravel, ambaye watu wanamjua kwa okestra iliyojaa rangi, aliamua kuuvua muziki mapambo yake na kubakiza mistari miwili inayokimbizana, kugongana na kupokezana. Sehemu ya pili huanza kwa nyuzi kuchunwa kwa vidole bila uta, na ni hapo ambapo upepo wa Agosti uliingia kwa mlango wa upande na kufunua kurasa. Mpigaji wa fidla alikuwa amezibana nota kwa vibanio vya nguo nilivyovileta kutoka nyumbani, na hakupoteza hata mstari mmoja. Katikati ya Dueti ya Kodály vigingi vya selo viliteleza kwa ukavu wa hewa, mpigaji akasimama kukaza nyuzi, na sehemu ya ukumbi ikampigia makofi. Wapo wanaolicheka jambo hilo. Mimi nasema hadhira inayopigia makofi hata ukazaji wa nyuzi ni hadhira iliyokuwa inasikiliza.

Imesemwa pia kwamba muziki huu "si wetu". Kodály alizunguka vijijini kwao tangu 1905 akikusanya nyimbo za wakulima, na Dueti yake imenyonya kutoka humo. Xenakis katika kazi niliyoitaja alichota kwenye muziki wa kijijini wa Ugiriki. Halafu tuangalie hapa tulipo. Katika muziki wa sasa wa nyuzi mpigaji huagizwa mara kwa mara auguse uzi bila kuukandamiza: akiugusa katikati inatoka oktavu ya juu, akiugusa kwenye theluthi inatoka sauti ya tano iliyo juu ya oktavu hiyo. Sauti hizo za asili zilizomo ndani ya uzi mmoja ndizo msingi wa uimbaji wa Wagogo, na ndizo zinazosikika katika zeze ambalo mwanamuziki wa Kigogo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alilifikisha kwenye majukwaa ya nje. Sioni ni kwa vipi sikio lililokulia Dodoma liambiwe kwamba haya ni mageni kwake.

Kuhusu gharama, malalamiko mawili yamenifikia. La kwanza ni kununua nota halisi wakati "tungeweza kupiga fotokopi". Xenakis alifariki 2001 na Widmann yu hai. Kazi zao zina hakimiliki, na chama chenye katiba na muhuri hakiwezi kuonekana kinaiba. Nota hizo sasa ni mali ya chama na zimo kabatini. La pili ni selo kukatiwa tiketi yake kwenye treni ya SGR kutoka Dar es Salaam. Selo haiingii sehemu ya mabegi, na kumwalika mpigaji bila kuijali selo yake ni sawa na kumwalika mpishi ukamkataza asije na sufuria. Kutoka stesheni niliwabeba kwa gari langu, na mafuta sikudai.

Kwa hesabu, mwaka ulianza na salio la shilingi 1,410,000. Ada ziliingiza 1,165,000, tiketi 73 za onesho 730,000 na wafadhili 900,000, jumla 4,205,000. Tulitumia ukumbi 800,000, posho za wapigaji 1,000,000, nauli na malazi 446,000, nota 640,000, mazoezi na darasa la watoto 390,000, matengenezo ya vyombo 275,000 na ofisi 118,000, jumla 3,669,000, na salio ni 536,000. Ni kweli onesho lilikula 1,256,000 zaidi ya lilichoingiza. Lakini wanachama ni 58, ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka, na 14 tu ndio waliomaliza. 11 wamelipa nusunusu na 33 hawajatoa hata shilingi. Deni hilo ni 2,315,000, karibu mara mbili ya hicho kinachoitwa hasara ya Mwenyekiti. Wanachama walioingia ukumbini Agosti walikuwa 17. Najua wengine hutoka kazini Mji wa Serikali Mtumba jioni wakiwa wamechoka, ila onesho lilikuwa Jumamosi, na baadhi ya waliolikosoa kwa sauti kubwa kuliko wote hawakuusikia muziki wenyewe. Hata leo tumechelewa kuanza kwa saa nzima tukisubiri akidi.

Kwa mwaka ujao Kamati inatarajia, hali ikiruhusu, kuendeleza muziki wa vyombo vichache, kutafuta viola, kuepuka kukodi ukumbi wakati wa Bunge la Bajeti ambapo bei hupanda, na, Mungu akijalia, kumpata mtunzi wa hapa nyumbani atakayetuandikia dueti ya fidla na selo kutokana na nyimbo za Wagogo. Nimekwisha kuanza mazungumzo na mtunzi mmoja, na tukifikia mahali nitawajulisha. Mweka Hazina yupo mlangoni na kitabu cha risiti, na atabaki hapo hadi mkutano utakapofungwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti