Kabla Wakala wa Akili Unde Hajaugusa Mtiririko Wako wa Malipo

Wateja wetu wengi hapa Nairobi wameanza kutuuliza kama wanaweza kumweleza wakala wa akili unde (programu inayopokea maagizo kwa maneno ya kawaida na kuyatekeleza yenyewe) mabadiliko wanayoyataka katika mitiririko yao ya kazi iliyo kwenye wingu (mifululizo ya hatua zinazojiendesha kwenye seva za mtandaoni), badala ya kumsubiri fundi aufungue mfumo na kurekebisha hatua moja moja. Ombi hilo ni la haki, na huduma hiyo tunaitoa. Lakini lipo jambo ambalo mwenye biashara anapaswa kulifahamu kabla hajatoa ruhusa: zana nyingi anazotumia wakala kusasisha mtiririko hazigusi sehemu iliyotajwa pekee, bali huuondoa mtiririko mzima na kuweka mwingine mahali pake.

Wakala hufanya kazi kwa kuita zana ambazo mfumo wa wingu umemfungulia. Njia inayotumika sana ni itifaki ya MCP, yaani kanuni za pamoja za kumuunganisha wakala na zana, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, na ambayo OpenAI ilitangaza kuiunga mkono Machi 2025. Kupitia itifaki hiyo, wakala anaweza kupewa zana ya kuusoma mtiririko, nyingine ya kuuandika, na nyingine ya kuuwasha au kuuzima. Nyuma ya zana hizo kwa kawaida kuna API ya mfumo wenyewe (mlango ambao programu nyingine hupitia kuutumia), na hapo ndipo penye tofauti kubwa. Katika itifaki ya HTTP, inayobeba mawasiliano ya wavuti, ombi la PUT hubadilisha kitu kizima, ilhali PATCH, iliyowekwa rasmi mwaka 2010, hurekebisha sehemu tu. API ya n8n, mfumo wa kuendesha mitiririko ya kazi, kwa mfano, hupokea mabadiliko ya mtiririko kwa PUT. Kwa hiyo hatua yoyote ambayo haikuandikwa katika ombi hilo haitakuwamo katika mtiririko mpya.

Tuchukue mfano wa duka la vipuri kwenye Barabara ya Kirinyaga. Mnunuzi huidhinisha malipo ya M-Pesa kwa PIN katika simu yake, kisha Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, hutuma matokeo kwenye anwani ya mtiririko. Msimbo wa matokeo ukiwa 0, malipo yamefaulu. Ukiwa 1032, mnunuzi ameghairi. Mtiririko huangalia msimbo huo, huhakikisha kwamba nambari ya risiti haijaandikwa tayari katika leja, kisha huandaa ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA) na kumtumia mnunuzi ujumbe wa shukrani. Sasa mwenye duka anamwambia wakala abadilishe maneno ya ujumbe huo tu. Wakala asipousoma kwanza mtiririko ulivyo wakati huo, au akiuandika upya kwa kutegemea mazungumzo ya zamani, anaweza kuiacha nje hatua ya kukagua risiti. Ujumbe utatoka vizuri na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Athari itaonekana pale taarifa moja ya malipo itakapofika mara mbili na leja ikaandika mauzo mawili, na huenda mhasibu akaligundua hilo mwisho wa mwezi tu. Kosa la namna hii tunaliogopa kuliko mfumo kuzima kabisa, kwa sababu mfumo uliozima hujulikana papo hapo.

Kwa hiyo, katika huduma yetu, wakala huanza kwa kuusoma mtiririko ulio hai, na nakala yake huhifadhiwa katika Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) kabla ya lolote kufanyika. Hupewa zana tuliyoitengeneza ya kubadilisha hatua moja iliyotajwa kwa jina. Zana hiyo yenyewe ndiyo huunganisha badiliko na sehemu zilizobaki, na hukataa kuandika iwapo mtu mwingine amebadilisha mtiririko tangu wakala aliposoma. Tofauti kati ya toleo la zamani na jipya huonyeshwa mstari kwa mstari, na mwenye biashara au mtu aliyemteua ndiye huidhinisha. Zana ya kuwasha mtiririko hatumpi wakala kabisa. Ni kweli kwamba tangu Machi 2025 MCP inaruhusu zana kuwekewa alama kwamba ni ya kusoma tu au kwamba inaweza kuharibu, lakini alama hiyo ni dokezo tu na haizuii chochote. Kizuizi cha kweli ni ruhusa za ufunguo (msimbo wa siri wa kuingilia API) anaotumia wakala.

Ratiba nazo zinahitaji jicho la mtu. Seva nyingi za wingu hufuata saa za UTC (saa sanifu za kimataifa), na Nairobi iko mbele kwa saa tatu, hivyo kikumbusho cha saa mbili asubuhi huandikwa 05:00. Tunamtaka wakala aandike ukanda wa saa waziwazi katika kila ratiba anayoigusa.

Suala la data halina njia ya mkato. Kumbukumbu za mtiririko wa malipo hubeba majina na nambari za simu, ambazo ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sheria hiyo ina masharti kuhusu kupeleka data nje ya Kenya. Wakala akizisoma, mara nyingi yaliyomo hufika kwenye seva za kampuni inayotoa modeli ya akili unde, zilizo ng'ambo. Kwa sababu hiyo sisi humwonyesha wakala muundo wa mtiririko na data ya kubuni kutoka mazingira ya majaribio ya Daraja, na nywila hubaki katika hifadhi ya mfumo bila kupita mikononi mwake.

Mteja anayetaka kuanza atuletee nakala ya mitiririko yake na jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Mabadiliko ya malipo tunayaweka baada ya duka kufungwa, kisha mwenye duka hufanya malipo mawili madogo kwa simu yake, moja analolikamilisha na jingine analolighairi, na leja hukaguliwa naye akiwapo.