Harufu Uliyoniuliza

Wete, Pemba
9 Novemba 2022

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo sote, mvua za vuli zinanyesha kwa vipindi, na karafuu ziko majamvini, kwa hiyo kila mwenye mikono ana kazi. Barua yako niliipata juzi magharibi. Niliisoma mara mbili barazani na mara ya tatu kitandani, kwa sababu ya yale uliyoyaandika kuhusu siku uliyopita soko la Mutrah, huko kwenu Omani, ukasimama mbele ya muuza ubani, na machozi yakakutoka mbele za watu bila kujua unamlilia nani. Umeniuliza kama mimi najua. Najua, na ndiyo maana nakujibu upesi.

Ulikuwa umesimama mbele ya mtungi wa mama yako.

Kumbuka ule mtungi uliokaa pembeni mwa ukumbi wenu, karibu na mlango wa uani, umezamishwa kidogo katika mchanga ili usiyumbe. Kila Alhamisi alasiri mama yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyamwaga maji yaliyobaki kwenye mwasumini, akausugua mtungi ndani, akauacha juani mpaka ukakauka kabisa. Kisha alitia makaa ya vifuu vya nazi katika chetezo, akadondosha juu yake punje tatu au nne za ubani, akaupindua mtungi mdomo chini juu ya chetezo, upande mmoja ameuinua kwa kijiwe ili makaa yapate hewa yasizime. Sisi tulikaa chini kuutazama ule upenyo. Moshi ulipoanza kutoka hapo mwembamba kama uzi, aliugeuza kwa haraka, akaufunika ili moshi ubaki ndani, na ndipo akakutuma ulete ndoo ya maji ya kisima. Maji yale yalikuwa na ubaridi uliopanda puani kabla hayajafika kooni. Tulikuwa tukitoka chuoni mbio, juzuu zetu kwapani, na kikombe cha kwanza alikupa wewe, cha pili akanipa mimi, wala sikumbuki siku hata moja aliyonisahau.

Tangu friji zilipoingia majumbani, wanaofukiza mitungi wamebaki wachache sana. Naamini kwa hiyo kwamba kwa miaka mingi hukuisikia harufu ile hata mara moja, na mambo mengine hayakupata nafasi ya kujipanga juu yake. Udi ni tofauti. Udi tumeunusa kwenye harusi, kwenye Idi, kwenye nguo za wageni, hata haumkumbushi mtu jambo moja. Ubani ndani ya udongo uliolowa maji ulikuwa wa mtu mmoja tu.

Na sasa nikueleze kwa nini nina hakika, maana mwaka ule wa 2021 sikukusimulia kisa kizima. Nilikuambia nimeugua nikapona. Sikukuambia kwamba nilipopata nafuu pua yangu haikurudi nami. Asubuhi moja nilikuwa jikoni, nazi imeungulia sufuriani, na mwanangu akaja anakimbia kutoka chumbani kuniuliza kuna nini, ilhali mimi nimesimama hapo hapo na mwiko mkononi. Wali haukuwa na ladha. Dada yangu alijifungua mwezi ule, nikampakata mtoto, nikaweka pua utosini kwake kama tufanyavyo sote, nikakuta patupu. Siku ile nililia, shoga yangu, nikasingizia uchovu. Jambo zito zaidi ni kwamba niliingia chumba cha marehemu bibi yangu, nikafungua sanduku lake la njumu, na kanga zake zikawa vitambaa tu.

Daktari kijana niliyemwona aliniambia kuna zoezi la kuizindua pua. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha utafiti wao kuhusu watu waliopoteza uwezo wa kunusa, ambao walipewa harufu nne wazinuse mara mbili kwa siku kwa wiki 12, na baadhi yao wakapata nafuu. Harufu zenyewe ni waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Alipolitaja neno karafuu nilimwomba arudie. Nikajiona nimezaliwa Pemba, nimekulia juu ya majamvi ya karafuu, na dawa yangu imeandikwa na Mjerumani! Nilirudi nyumbani nikapanga vikombe vinne dirishani: marashi ya mawaridi, majani ya mkaratusi yaliyopondwa, ganda la ndimu kwa kuwa limau sikulipata, na karafuu kavu za mwaka uliotangulia. Asubuhi na jioni nilinusa kimoja kimoja huku nikijitahidi kukumbuka kila kimoja kilikuwaje. Wiki ya tano, hakuna kitu. Wiki ya nane nilisikia kitu kama kutu, nikaogopa.

Iliyonirudia kwanza ni karafuu, wala haikunirudia kikombeni. Ilikuwa alasiri, wingu limetanda ghafla upande wa bahari, na nyumba nzima tukatoka mbio kuanua, kwa kuwa karafuu zikinyeshewa zikiwa nusu kavu hupauka na kuota ukungu, na kazi yote imepotea. Nilikuwa nimepiga magoti nikizikusanya kwa viganja, matone ya kwanza yakaanguka juu ya jamvi lenye moto wa jua, na mvuke ukanipanda usoni. Ndipo nikasikia harufu ile kali yenye utamu, nusu yake ni moto na nusu ni mti mbichi, lakini kabla sijaipa jina lake nilimwona bibi. Alikuwa amekaa kitako ukumbini usiku, kandili pembeni, rundo la karafuu mbichi mbele yake, akichambua: anashika kishada kwa mkono mmoja, anakibingirisha kiganjani mara moja, karafuu zinaangukia huku na makonyo huku. Viganja vyake viligeuka rangi ya kahawia iliyokoza msimu mzima, na alipotushika mashavu kabla ya kulala, tulilala na harufu hiyo. Nilibaki pale chini nimelowa mpaka watoto wakaniinua.

Baadaye nilisoma kwamba harufu haiendi njia moja na sauti au sura. Hizo hupita kwanza katika kituo kilicho katikati ya ubongo, kisha ndipo hugawanywa, lakini harufu hutoka puani ikafika karibu moja kwa moja katika sehemu zinazoshika hisia na kumbukumbu. Kwa hiyo wewe kulia kwanza na kuuliza baadaye, pale Mutrah, si udhaifu hata kidogo. Habari ilifika moyoni kabla haijafika kwenye akili.

Nimekuwa nikifikiri pia juu ya safari ya vitu hivi. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ukaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuwa shamba. Bibi yangu hakuyajua hayo, na kwake karafuu ilikuwa ya hapa kama mawe ya hapa. Ubani nao ulitujia kwa majahazi kutoka Uarabuni na Somalia. Basi wewe leo unakaa katika nchi ya mti wenyewe, ile mibani ya Dhofar, na huenda zile punje alizokuwa akizinunua mama yako kwa senti chache zilivunwa huko huko uliko. Kwangu hilo ni faraja kubwa, na natumaini litakuwa hivyo kwako.

Katika kifurushi atakachokuletea shemeji nimetia ratili moja ya karafuu za msimu huu, zilizokaushwa kwa jua la siku nne bila kuguswa na mvua, na udi niliopika mwenyewe. Vilua, yale maua yetu ya kunukia, sikuweza kutia, kwa kuwa kilua siku ya pili si kilua tena.

Mtungi wa mama yako upo kwetu, mzima, lakini katika safari ya ndege utavunjika. Nakuomba uende ununue mtungi wa udongo, nasikia wafinyanzi wa Bahla ni hodari kwa kazi hiyo. Uloweke usiku kucha kwanza ili utoe vumbi, kisha uukaushe vizuri. Usitumie ule mkaa wa vidonge unaoshika moto kwa kiberiti kimoja, kwa sababu una harufu ya baruti nayo itaingia katika udongo isitoke tena. Tafuta makaa ya mti ya kawaida, uyaache mpaka yawe mekundu yote yasitoe moshi wake. Punje tatu zatosha. Fanya Alhamisi alasiri, watoto wakiwa nyumbani, na kikombe cha kwanza mpe binti yako, cha pili mpe rafiki yake yeyote atakayekuwepo.

Nasubiri barua yako.

Mimi shoga yako wa tangu chuoni