Taa za pikipiki yako, kabla hujaondoka Dodoma

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu kutoka ziwani. Sisi huku wazima wa afya, Mama Kulwa anakusalimu, na mapacha wanauliza kila siku kama ni kweli baba mdogo wa Dodoma atakuja na pikipiki kubwa. Mwambie shemeji zabibu zilifika salama, na asubuhi hazikuikuta.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Pikipiki imetoka bandarini, imesajiliwa, na unataka kuja nayo huku ili tuendelee wote mpaka Bukoba. Nimefurahi sana. Umeniuliza swali moja tu: ununue taa gani za LED za kuongezea mbele. Nitakujibu, lakini vumilia nikupitishe njia ndefu, maana taa hizo nimezifunga mara mbili, na mara ya kwanza nilimwumiza mtu.

Ulikuwa mwezi wa tano mwaka jana, natoka Musoma. Bunda nilicheleweshwa na pancha. Jua la huku unalijua, halina jioni ndefu: saa kumi na mbili na nusu bado unaona kila kitu, saa moja na nusu ni giza totoro. Taa zilikuwa na wiki moja tu kwenye pikipiki. Fundi mmoja wa hapa mjini alinifungia kwa nusu saa: waya mmoja kwenye swichi ya funguo, mwingine kwenye bodi, breketi juu karibu na vioo, basi. Ukiwasha pikipiki zinawaka, ukizima zinazimika. Nilizipenda mno. Nilipoipita Lamadi barabara ilikuwa nyeupe mbele yangu, naona mpaka macho ya mbuzi pembezoni mwa mashamba ya pamba.

Mbele nikaona baiskeli inakuja. Nikabonyeza dimu. Taa kubwa ikashuka kama kawaida, lakini zile mbili hazikuwa na habari ya dimu, zikabaki vilevile. Nikamwona mtu anainua mkono kujikinga uso, mkono mwingine kwenye usukani, gunia la mkaa nyuma yake. Baiskeli ikayumba mara moja, kisha sikuiona tena.

Nilisimama, nikarudi. Alikuwa mzee, rika la baba zetu, amekaa mtaroni, goti limechunika, anapapasa nyasi akitafuta kandambili yake. Nilimpa pole nikamwinua. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, mimi niliona jua. Barabara sikuiona." Tukaokota mkaa wote wawili kwa tochi ya simu, kipande kimoja kimoja, mpaka gunia likakaribia kujaa kama lilivyokuwa. Nikamsukumia baiskeli hadi kwake, hapakuwa mbali, nikaacha hela ya dawa. Kutoka pale mpaka Magu niliendesha taa zile nimezivalisha soksi zangu, kwa kuwa hazikuwa na swichi yake ya kuzizima.

Jumamosi iliyofuata nilifungua kila kitu. Chini ya tangi, pale waya unapopita kwenye shingo ya usukani, nilikuta mpira umelika kwa kusuguliwa kila ninapokata kona. Shaba ilikuwa inaonekana, kipande kama punje ya mchele, milimita chache kutoka kwenye chuma cha fremu. Ule waya haukuwa na fyuzi yake. Ungegusa chuma ningekata fyuzi kubwa na kubaki gizani kwenye mwendo, au ungeshika moto chini ya tangi la petroli. Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo muda mrefu nikiutazama.

Sasa tuje kwenye kununua. Mimi za pili nilizipata Makoroboi, na nilipenda kwamba mtaa wenyewe una jina la taa. Usinunue kwa kusoma boksi. Za kwangu boksi liliandika wati 120. Nilizipima na testa pikipiki ikinguruma: volti 13.8, na kila taa inavuta ampea 1.6. Zidisha mwenyewe, ni wati 22. Na wati 22 za LED nzuri zinatosha kabisa, kwa hiyo sikulalamika, ila nilijua ninachokifungia waya. Tazama vitu vingine: mgongo wa taa uwe wa alumini yenye mapezi marefu, kwa sababu LED haitoi joto lake mbele kama balbu ya zamani, inalitoa nyuma, na likikosa pa kwenda taa inafifia na kufa mapema. Kioo kiwe kimezibwa vizuri maji yasiingie. Breketi ziwe nene, maana nyembamba zinacheza, na taa inayocheza humchosha anayeitazama na anayeiendesha.

Nyaya, tafadhali, usiwe na haraka nazo. Nunua rilei ya miguu minne, ile swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa; kila mguu una namba yake. Mguu wa 30 unatoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, na fyuzi iwe karibu na betri, isizidi shibri moja kutoka pale, ili waya ukiguswa popote mbele fyuzi ndiyo iungue. Taa zangu mbili kwa pamoja zinakula ampea 3 na kidogo, nikaweka fyuzi ya ampea 5 na waya wa milimita 1.5 za mraba. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa. Wa 85 unakwenda kwenye hasi. Wa 86, na huu ndio uliobadilisha kila kitu kwangu, niliuchukulia umeme kwenye waya wa fulu, yaani mwanga wa mbali, wa taa kubwa, ukipitia swichi ndogo niliyoifunga kwenye usukani. Ukiwasha fulu, taa za ziada zinawaka. Ukibonyeza dimu, zote zinazimika pamoja kwa kidole kilekile, bila kukumbuka lolote. Na ukitaka fulu peke yake, ile swichi ndogo inazikata. Swichi hiyo inabeba umeme wa koili ya rilei tu, hata robo ya ampea haufiki, kwa hiyo haipati moto. Kabla hujachukua umeme wa fulu pima kwa testa, kwa sababu kuna pikipiki ambazo dimu na fulu hubadilishwa upande wa hasi, na ukikisia utakesha.

Hasi ya taa irudishe kwenye betri yenyewe, usiiache kwenye bolti ya fremu yenye rangi na kutu. Maungio nilibana kwa koleo la vichwa vya waya, nikavalisha ile mirija ya mpira inayosinyaa kwa joto. Kwenye shingo ya usukani nilipitisha nyaya ndani ya mrija wa plastiki, nikaziachia ulegevu, kisha nikazungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho mara ishirini huku nimeshika tochi, kuona kama kuna pa kubanwa. Soketi zitazame chini, maji yadondoke yasikae.

Chaji ya betri haikunisumbua. Pikipiki imezimwa nilisoma 12.6, ikinguruma taratibu 14.1, na taa zote zikiwaka 13.7. Ya kwako ikishuka chini ya 13 na kubaki hapo, ujue umebebesha zaidi ya inachozalisha.

Mahali pa kufunga pana maana kuliko nilivyodhani. Zamani zilikuwa juu karibu na vioo, urefu wa macho ya mtu wa baiskeli. Sasa ziko chini, kwenye gadi za kulinda injini, moja kila upande, kwa upana niliouweza. Mwanga ukitoka chini unalamba barabara, kila shimo linaweka kivuli chake na unaliona mapema. Na kuna jambo la pili. Taa moja peke yake usiku haisemi iko mbali au karibu, wala kama ni pikipiki au ni gari lenye jicho moja bovu. Taa tatu zilizoachana, anayekuja mbele anaziona kwa mbali, kabla hujabonyeza dimu, zikizidi kuachana kadiri unavyokaribia, anajua ufike lini. Dereva wa lori anayetaka kulipita lori lingine anahitaji kujua hilo kuliko kitu chochote.

Kupima mwelekeo nilitumia ukuta wa nyumba ya jirani yangu, aliniruhusu. Niliegesha mita 8 kutoka ukutani, masanduku ya pembeni yamejaa kama ya safari, mimi nimekaa juu, Mama Kulwa nyuma. Usipime pikipiki tupu, maana mzigo unaishusha shokapu ya nyuma, pua inainuka, na taa uliyoipanga vizuri mchana inakwenda kwenye macho ya watu usiku. Kulwa akachora kwa chaki mstari ukutani sawa na kimo cha taa, sentimita 70 kutoka chini, halafu mwingine sentimita 5 chini yake. Kitovu cha mwanga nikakiweka kwenye mstari wa chini. Ukishuka sentimita 5 katika mita 8, kutoka kimo cha 70 mwanga unagusa ardhi kwenye mita 112. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo ni sekunde 5. Dimu yangu ilikuwa hainipi hata nusu ya hizo.

Taa ya kushoto nimeigeuza nje kidogo, imulike ukingo wa barabara upande wetu, kwa sababu huko ndiko wanakotembea watu, ng'ombe na baiskeli. Ya kulia inatazama mbele moja kwa moja, haivuki kwenda njia ya wanaokuja. Nikishamaliza nilimwomba Mama Kulwa asimame mbali mbele yangu na kanga yake, nikawasha dimu, nikawasha fulu, akaniambia anachoona. Fanya hivyo na shemeji. Macho ya mtu unayempenda yatakuambia ukweli ambao ukuta hauwezi.

Rangi: chukua za njano, au nyeupe zenye kioo cha njano cha kuvalisha. Kwenye vumbi njano hainirudii machoni kama nyeupe. Na kuna wadudu wa ziwani. Wewe hujawahi kuwaona wakiinuka: wanatoka majini kwa mamilioni, hasa mwezi ukiwa haupo, wanasimama juu ya ziwa kama moshi wa moto mkubwa. Upepo ukiwaleta barabarani unapita katikati yao kama unapita kwenye mvua ya pumba. Wanafuata mwanga mweupe kuliko wa njano, nimeliona hilo kwenye vioo vya taa zangu mwenyewe. Beba kitambaa na chupa ya maji, kioo cha helmeti ukifute kila unaposimama. Wadudu wakikauka hawatoki.

Taa za bluu, nyekundu na za kumetameta hata kama muuzaji akikupa bure zikatae, ziachie polisi na gari la wagonjwa.

Ukifika, kabla ya kuvuka Kigongo kwenda Sengerema na Geita, nataka tukae usiku mmoja Kayenze. Siku hizi hatuna tena presha ya kivuko, daraja lipo tangu 2025, zile kilomita 3 juu ya maji unazivuka bila kushusha mguu. Zamani ukikosa kivuko ndipo safari ya usiku inapokukuta hujajiandaa. Njoo mwezi ukiwa gizani, wakati wavuvi wa dagaa wanapotoka. Mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Utaona ziwa limejaa taa kama mji mwingine. Walikuwa wakitumia karabai za mafuta ya taa, sasa wengi wana LED na betri za sola. Nilisogea mtumbwini mara moja kuzitazama kwa karibu: fundi wao amefunika upande wa juu kwa kipande cha debe, mwanga wote unashuka majini kwenye dagaa, na kijana anayevuta wavu yuko kwenye kivuli, macho yake yamepumzika. Nimekwenda kuuangalia mtumbwi ule mara tatu.

Breketi nitakukatia mimi, nina bamba la chuma limebaki. Nipe tu unene wa bomba la gadi yako. Zungushia uzi mara moja, weka alama uzi unapokutana, unyooshe kwenye rula, gawanya kwa 3.14, unitumie namba hiyo kabla ya Ijumaa. Kushoto na kulia pima vyote, nyingine hazilingani.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi ndugu yako,
Baba Kulwa