Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Darasa la Jioni Linavyomnoa Fundi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, na ada haibadiliki. Mimi nitazungumzia darasa letu la jioni la umeme, la watu wazima wanaojiandaa kwa mtihani wa gredi ya tatu wa NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani. Tuliliona kama msaada kwao. Kumbe anayenolewa zaidi ni fundi stima anayesimama mbele ya ubao.

Mtu aliyeshinda mjengoni hakubali kuambiwa "ndivyo inavyofanywa". Chukueni shawa ya umeme, maana nyumba nyingi za kupanga Nairobi zinayo. Swali lake ni hili: breka (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampea 20 inajizima, nikiweka ya 32 inatulia, kosa liko wapi? Fundi mzoefu anajua ni kosa, ila kulieleza kunamlazimu kushika chaki. Wati 5,000 kwa volti 240 ni karibu ampea 21. Waya wa milimita mraba 2.5 ulio ndani ya paipu ukutani hubeba takriban ampea 20, na hupungua zaidi ukibanana na nyaya nyingine. Breka hulinda waya, hailindi shawa. Ukiikuza, waya unaweza kuiva ndani ya plasta na hakuna kitakachojizima. Dawa ni waya wa 6 kwanza, ndipo breka ya 32.

Hapo mwingine atauliza: mbona waya mnene nao huungua pale kwenye swichi? Skrubu legevu. Ukinzani wa omu 0.1 tu hapo ilipolegea, ukipitisha ampea 21, huzaa wati 44 za joto ndani ya kisanduku cha plastiki. Aliyepiga hesabu hiyo mbele ya watu hakazi tena skrubu kwa mazoea.

Lugha nayo hutuumbua, na ni vizuri ituumbue. Asiyeweza kueleza kazi ya waya wa ardhi kwa Kiswahili chepesi mara nyingi hajaielewa, hata kama ameufunga miaka 20.

Somo huharibika tukisoma noti saa nzima, kwa sababu watu wamechoka na watasinzia. Huharibika vibaya zaidi tukimkosoa mzee mbele ya vijana, kwani wiki ijayo haji. Mwulizeni pembeni, "Mzee, hapa ulikusudia nini?" Mara nyingi ana sababu, na sababu hiyo inafaa kusikika. Katika saa 2 zetu, dakika 20 za kwanza wafunge saketi wenyewe, watu 3 kwa kila ubao wa mazoezi, umeme ukiwa umezimwa. Maswali yafuate, kisha hesabu. Dakika 10 za mwisho mmoja wao awafundishe wenzake hatua ileile.

Kamati inaleta hoja 2. Kwanza, kila mwanachama mwenye leseni afundishe angalau muhula 1 katika miaka 2. Pili, kuwe na daftari la maswali yaliyotushinda, na mwalimu wa zamu alete jibu wiki inayofuata akiwa amelipima kwa mita, si kwa kukumbuka. Kura itapigwa baada ya chai.