Matumbawe ya Kisite Tuliyoyalipia Bila Kuyaona

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: KUDAI NUSU YA MALIPO YA ZIARA YA JAHAZI, SHIMONI HADI KISITE

Bwana au Bi Meneja,

Naandika kudai nusu ya pesa tulizolipia ziara ya jahazi likizo hii ya Agosti, katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Malalamiko haya nilishayatoa kwa simu. Ajenti wenu wa hapa Kisumu akanijibu, "Madam, bahari haina meneja." Sawa. Lakini gari lililotuchelewesha lina meneja, na ndiye ninayemwandikia.

Safari ya kutoka Kisumu hadi Nairobi, treni ya Mombasa, foleni ya feri pale Likoni, hayo yote yalikwenda vizuri na sina neno. Brosha yenu inasema gari litatuchukua hotelini Diani saa moja asubuhi, na ifikapo saa nne na nusu tutakuwa juu ya matumbawe. Saa moja lilifika kweli. Kisha likazunguka hoteli nyingine kuokota wageni, halafu likasimama kwenye duka la vinyago ambalo brosha haikulitaja hata kwa herufi ndogo. Dereva akasema tushuke tunyooshe miguu. Akaingia ndani kupiga gumzo na mwenye duka, na hakutoka mpaka mgeni mmoja aliponunua twiga wa mbao mrefu kuliko mwanangu wa mwisho. Twiga huyo tulisafiri naye hadi Shimoni akiwa amelala juu ya magoti yetu. Sihitaji kuambiwa dereva hupata nini pale.

Nahodha, ambaye sina ugomvi naye, ndiye aliyenieleza tulichokipoteza dukani. Mwezi ulikuwa umetoka kupevuka, kwa hiyo ilikuwa bamvua, yaani siku ambazo bahari hupwa na kujaa kuliko kawaida, na siku hiyo maji yalikupwa kabisa mnamo saa tano asubuhi. Hapo ndipo fungu la mchanga la Kisite hujitokeza, maji juu ya matumbawe yakawa haba, na mwanga wa jua ukafika hadi chini. Wakati wa bamvua, kupwa na kujaa hupishana kwa zaidi ya mita 3. Sisi tulifika saa saba na nusu. Maji yalikuwa yakijaa kwa kasi, upepo wa kusi umeshaamka, chini kumevurugika. Baba yangu, ambaye magoti hayamruhusu kuogelea, alikuwa amelipiwa mashua ya sakafu ya kioo. Kioo chenyewe kimekwaruzika kila mahali. Alichoona ni povu na kivuli cha mashua. Watoto waliovaa miwani na mabomba ya kupumulia walirushwarushwa na mawimbi, na mdogo akapanda juu analia, maji ya chumvi yakimtoka puani.

Msiniambie hayo ni maumbile. Saa za kupwa na kujaa hupigiwa hesabu na kuchapishwa mapema, mwaka mzima. Sisi wa ziwani hatuna kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho. Anayetuuzia bahari ndiye wa kutuhesabia saa.

Lililoniuma zaidi lilifuata. Kwa kuwa tulifika wa mwisho, maboya ya kufungia vyombo yalikuwa yameshajaa. Baharia akaamua kutupa nanga. Baba, aliyevua samaki miaka mingi kwetu ziwani, pale Dunga, akamwambia, "Kijana, hapo chini si mchanga." Akajibiwa, "Usijali mzee, ni mawe tu." Nanga ilipovutwa ilikuja na kipande cha tumbawe kimenasa kwenye ncha. Nje kilikuwa cha kahawia, kimejaa ute. Ndani, pale kilipovunjikia, cheupe kama chaki. Baharia akakitupa majini kwa mguu.

Mimi nafundisha Biolojia. Yale si mawe tu. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa, na mwani unaoishi ndani ya miili yao ndio unaowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakipata joto kupita kiasi mwani huo hutoka, matumbawe yakabaki meupe, kama ilivyotokea pwani yetu mwaka 1998, na mengi yakafa. Aina nyingine hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Ndani ya hifadhi ya Kisite hairuhusiwi kuvua hata samaki mmoja; wavuvi wa Shimoni na Wasini waliachia eneo lile ili viumbe hao walindwe. Baba aliuliza tukirudi, "Mvuvi akishikwa na nyavu hapa anapelekwa kortini. Na mwenye nanga je?" Nahodha akatazama tanga.

Katika barua pepe yenu mmesema matumbawe tuliyaona, kwani tulitembea kwenye bustani ya matumbawe kijijini Wasini. Tulitembea, na pamependeza. Lakini yale ni mawe makavu ya matumbawe yaliyokufa zamani sana, yako nchi kavu, na kiingilio tuliwalipa akina mama wa Wasini wenyewe kutoka mfukoni mwetu. Huwezi kumlipisha mtu kuona ng'ombe ukamwonyesha ngozi.

Kaa na wali wa nazi vilikuwa vitamu. Sidai pesa ya chakula. Wala sidai ada ya hifadhi, maana hiyo ilikwenda serikalini. Nadai sehemu ya jahazi na mashua ya kioo kwa watu wote watano wa vocha yetu, ndani ya siku 14. Nataka pia jibu la maandishi kuhusu nanga: mabaharia wenu wameagizwa wafanye nini wakikuta maboya yamejaa? Na lile duka ama liandikwe kwenye brosha au gari lisisimame pale.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji. Siku hizo zikipita bila jibu, nakala ya barua hii pamoja na picha za nanga nitazipeleka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Pesa zitumwe kwa nambari ileile ya M-Pesa niliyolipia. Risiti nimeambatisha.

Wako,
Mteja wa Kisumu