Kikao kimesogezwa: ile sarafu ya mtandaoni

Asalaam aleykum na habari za jioni, wanakikoba.

Kikao cha Jumapili sasa ni Jumamosi saa 10 alasiri, barazani kwa Bi Mwenyekiti, Ngamiani barabara ya 12. Hoja ni moja: ile sarafu ya kidijitali tuliyotumiwa tangazo lake. Video inapendeza, sikatai. Lakini BitConnect, sarafu nyingine ya mtandaoni, nayo ilipendeza, ikatangaza faida ya hadi asilimia 1 kwa siku, na Januari 2018 ikafunga mradi wake wa mikopo. Waraka wa 2008 ulioitambulisha Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali maarufu kuliko zote, una kurasa 9 tu, na haumwahidi mtu faida.

Kabla ya kuja:
1. Vijana, tafuteni majina ya waanzilishi, na kama msimbo wa programu yao uko wazi kukaguliwa.
2. Mweka hazina, angalia wamejiwekea sarafu ngapi wenyewe na zimefungwa zisiuzwe hadi lini.
3. Chai na mihogo: 2,000 kila mtu, mwisho Ijumaa saa 12 jioni.

Hela ya kikoba haitoki hata senti mpaka tukae. Aliyekwishatuma yake binafsi aje tu, hatumcheki (labda kidogo).

Jibuni hapa NAKUJA au SIJI kabla ya Alhamisi usiku.