Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu
Yah: ROBOTI ILIYOBAKI GETINI

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, kama mnavyopenda kuandikiwa huko ofisini.

Mimi ni fundi redio na simu hapa sokoni. Binti yangu wa kidato cha tatu yumo kwenye timu ya roboti ya shule yetu ya kata. Jumamosi iliyopita walikuwa washindane mkoani. Walifika shuleni alfajiri, sare zimenyooshwa, roboti ndani ya boksi la sabuni, na hadi saa nne walikuwa bado getini. Kibali cha kusafiri hakijatoka. Kilitoka Jumatatu, mhuri safi kabisa. Tunashukuru.

Nani alikikalia? Wapo wanaosema faili lilikwama masjala kwa kuwa hakuna aliyejua kama roboti ni taaluma au michezo. Wengine wanasema safari isiyo na posho haina mwenyewe. Mimi ofisi yako siijui kwa ndani, nalijua benchi la nje. "Mkurugenzi yuko kikaoni, njoo kesho." Tumepigwa kalenda hadi mashindano yakaisha.

Roboti yenyewe unaijua. Kwenye mahafali mwaka jana ilifuata mstari mweusi mpaka miguuni pako, ukapiga makofi, ukaahidi kuifikisha Dodoma. Dodoma hatukuomba. Mota zake zimetoka kwenye printa mbovu. Chini ya tumbo ina sensa mbili: mwanga ukigonga sakafu nyeupe unarudi, ukigonga mstari mweusi unamezwa, hapo ndipo inajua ikate kona upande gani. Binti yangu aliziunga nyaya hizo usiku kwenye meza yangu, maana maabara ya shule haina umeme. Simu za wateja zikasubiri, LUKU nikanunua mimi. Ushuru wa soko mnaukusanya kila asubuhi. Huo haujawahi kukwama masjala.

UMISSETA ikifika, vibali hutoka, gari hutoka, jezi hutoka. Sina kinyongo na mpira. Lakini tangu Januari 2024 tunaambiwa mtaala mpya una mkondo wa amali, watoto watoke shuleni na ujuzi mikononi. Huu wa kwenye boksi la sabuni tuuiteje?

Mwaka 2017 wasichana wa Herat, Afghanistan, walinyimwa viza ya Marekani mara mbili, nao walikuwa wakienda Washington kwenye mashindano ya roboti ya FIRST Global. Dunia ikapiga kelele, wakaruhusiwa, wakaenda. Wale walizuiwa na serikali ya watu. Wetu wamezuiwa na halmashauri yao wenyewe, kwa safari ya basi ya saa mbili.

Nilitaka niombe umeme wa maabara, niombe chumba, niombe na gari. Basi, acha. Waandaaji wamekubali timu yetu iingie duru ya mwezi ujao. Nauli wazazi tutachanga tena, ingawa ile ya Jumamosi dereva hajarudisha. Barua ya maombi ya kibali imepokelewa masjala, nakala yenye mhuri ninayo. Isaini. Isaini wiki hii, Ndugu Mkurugenzi, si Jumatatu ya baada ya mashindano. Na mwalimu mlezi asiitwe kuhojiwa. Barua hii nimeiandika mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, fundi redio